Vigawo, vigawe na namba tasa: jinsi ya kutafuta bila kubahatisha na kujua pa kuishia

Watu wengi wanaosema hawajui vigawo kiukweli wanavijua, shida yao ni kwamba hawajui pa kuishia. Unampa mtu atafute vigawo vya 72, anaanza vizuri kabisa, 1, 2, 3, 4, 6, 8, halafu anakwama, hajui kama vimeisha au kuna vingine vimejificha, anaongeza 12, anakumbuka 36, anasahau 24, na mwisho anaandika jibu ambalo hata yeye hana uhakika nalo. Namba tasa, zile zenye vigawo viwili tu, 1 na zenyewe, nazo hivyohivyo, mtu anajaribu 2, 3, 5 na 7 haziingii, anasema basi hii ni tasa, kumbe alibakiza kujaribu namba moja tu. Kwahiyo nitakaa sana kwenye hilo la pa kuishia, maana ukishalishika mengine yote yanalainika.

Kwanza tuweke maneno sawa maana haya mawili yanafanana mno. Kigawo ni namba inayoingia ndani ya nyingine bila kubakiza kitu. Kigawe ni kile unachopata ukiizidisha namba kwa namba nzima. 6 ni kigawo cha 24, na 24 ni kigawe cha 6, uhusiano ni uleule mmoja ila unauangalia kutoka pande mbili. Mi nakumbuka hivi: vigawo vina mwisho, vigawe havina. Kigawo hakiwezi kuizidi namba yenyewe, na kigawe ukiacha sifuri hakiwezi kuwa chini yake. Umeulizwa vigawo vya 8 ukaanza kuandika 8, 16, 24, jua umeshageuza swali.

Vigawe havisumbui sana, ni kuongeza tu, 7, 14, 21, 28 unaendelea. Swali linalowashika watu ni lile la katikati ya njia, mfano kigawe cha kwanza cha 7 baada ya 1,000 ni kipi. Usianze kuhesabu kutoka 7. Gawanya 1,000 kwa 7, unapata 142 baki 6, maana yake umepungukiwa 1 ili ifike kwenye kigawe, basi jibu ni 1,001. Na ukiulizwa kuna vigawe vingapi vya 8 kati ya 100 na 200, 200 ikiwemo, unagawa mara mbili: 200 kwa 8 ni 25, 100 kwa 8 ni 12 na baki, 25 toa 12 ni 13. Imeisha, hujaandika hata kimoja.

Sasa vigawo. Siri ni kwamba vigawo vinatembea wawiliwawili. Ukipata kimoja mwenzake yupo upande wa pili anakusubiri, maana kama 3 inaingia kwenye 72 basi inaingia mara 24, na 24 nayo ni kigawo. Kwahiyo usiandike mstari mmoja, andika jozi:

1 × 72
2 × 36
3 × 24
4 × 18
6 × 12
8 × 9

5 na 7 hazikuingia tukaziruka. Sasa angalia upande wa kushoto unapanda, wa kulia unashuka, wanakaribiana. Baada ya 8 inayofuata ni 9, na 9 tayari ipo upande wa kulia. Hapo ndo pa kuishia! Chochote kitakachokuja baada ya hapo tumeshakiandika. Vigawo vya 72 ni 12, huhitaji kukumbuka wala kubahatisha, na ukiulizwa una uhakika gani unaweza kujieleza.

Pande mbili zinakutana kwenye kipeuo cha pili cha namba, yaani ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata namba yako. 8 × 8 ni 64, 9 × 9 ni 81, na 72 iko katikati, kwahiyo ukifika 8 umemaliza. Sababu ni rahisi, namba mbili zote kubwa kuliko kipeuo ukizizidisha lazima upite namba yenyewe, kwahiyo kila jozi lazima iwe na mmoja mdogo. Hii sentensi moja isome tena kama haijakaa vizuri, maana karibu kila kitu huko mbele kimesimama juu yake.

Na ikitokea namba ni ya mraba, mfano 36, jozi ya mwisho ni 6 × 6, mtu yuleyule mara mbili, unamhesabu mara moja tu. Ndo maana 36 ina vigawo 9. Namba za mraba tu ndo zina idadi witiri ya vigawo, nyingine zote ni shufwa. Kwahiyo ukimaliza kutafuta vigawo vya namba isiyo ya mraba ukakuta viko 11, kuna kimoja umekiacha, rudi.

Sasa utajuaje fasta kama namba inaingia au haiingii bila kugawa kila mara? Hapa kuna vipimo, na naomba sana usivikariri tu, jua vinatoka wapi, maana ukikariri siku moja utachanganya cha 4 na cha 3 halafu huna pa kushika. Cha 2, 5 na 10 unaangalia tarakimu ya mwisho, hivyo kila mtu anajua. Cha 4 unaangalia tarakimu mbili za mwisho kwa sababu 100 inagawanyika kwa 4, kwahiyo mamia yote hayana shida, kinachobaki kuamua ni zile mbili. Cha 8 tatu za mwisho, sababu ni ileile ila sasa ni 1,000.

Cha 3 na 9 ndo kizuri kuliko vyote kwangu. Unajumlisha tarakimu. Kwa nini inafanya kazi? 10 ni 9 jumlisha 1, 100 ni 99 jumlisha 1, 1,000 ni 999 jumlisha 1. Chukua 474. Ile 4 ya mamia ni 4 × 99 na 4 pembeni, ile 7 ni 7 × 9 na 7 pembeni, halafu 4 ya mwisho. Zile 99 na 9 zinagawanyika kwa 3 na kwa 9 moja kwa moja, kilichobaki pembeni ni 4 + 7 + 4, yaani 15. 15 inagawanyika kwa 3 lakini sio kwa 9, basi 474 nayo hivyohivyo.

Cha 6 ni lazima ipite cha 2 na cha 3 vyote. Cha 12 ni 3 na 4, na hapa watu wanateleza wanatumia 2 na 6 kwa sababu 2 × 6 ni 12, hapana, 18 inagawanyika kwa 2 na inagawanyika kwa 6 lakini 12 haiingii. Unapovunja namba kwa ajili ya kipimo, vile vipande viwili visiwe na kigawo wanachoshirikiana zaidi ya 1.

Cha 11 unatoa na kujumlisha kwa kupokezana. 2,728 ni 2 toa 7 jumlisha 2 toa 8, inakuja hasi 11, na kwa kuwa hiyo inagawanyika kwa 11 basi namba nzima inagawanyika, ni 11 × 248. Ikija sifuri pia inagawanyika.

Cha 7 wengi wanakikimbia. Kata tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, toa kwenye kilichobaki. 518: kata 8, mara 2 ni 16, 51 toa 16 ni 35, inagawanyika, basi 518 inagawanyika. Ulichofanya kwa siri ni kutoa 21 mara 8 kwenye 518, ikabaki 350, na 21 ni kigawe cha 7 kwahiyo hujaharibu kitu, halafu ukaitupa sifuri ya mwisho kwa sababu 10 haina uhusiano na 7.

Na wazo hilohilo linakupa njia moja ya namba yoyote tasa ukiacha 2 na 5, hii mi naipenda kuliko kukariri vipimo vya 13, 17, 19 kila kimoja na sheria yake. Jumlisha au toa vigawe vya ile unayoijaribu mpaka namba iishie na sifuri, tupa sifuri, rudia. Mfano 17 inaingia kwenye 1,003? Ongeza 17 inakuwa 1,020, tupa sifuri, 102, na 102 ni 17 × 6. Inaingia! 1,003 ni 17 × 59. Kalkuleta hujaigusa.

Tukija kwenye namba tasa, hii ni namba yenye vigawo viwili tu, 1 na yenyewe. Viwili kamili, ndo maana 1 sio tasa, ina kimoja. Sio ukorofi wa wanahisabati, kuna sababu: kila namba kubwa kuliko 1 inavunjika kuwa tasa kwa namna moja tu, 12 ni 2 × 2 × 3 hakuna nyingine, ungeiruhusu 1 iwe tasa ungeandika 1 × 2 × 2 × 3, au 1 × 1 × 2 × 2 × 3 bila mwisho na huo utaratibu ungevunjika. Na 2 ni tasa, ndo tasa pekee iliyo shufwa.

Kupima: tafuta kipeuo cha pili kwa makadirio, halafu jaribu namba tasa tu mpaka hapo. Kwa nini tasa tu? Kwa sababu kama 6 ingeingia basi 2 ingekuwa imeshaingia kabla yake, 15 ingeingia basi 3 ingeshaingia, hazina habari mpya. Tuchukue 397. 19 × 19 ni 361, 20 × 20 ni 400, imepitiliza, kwahiyo mwisho wetu ni 19. Za kujaribu ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17 na 19, nane tu. Ni witiri, 2 imetoka. 3 + 9 + 7 ni 19, 3 imetoka. Haiishii na 0 wala 5. 7 inabakiza 5, 11 inabakiza 1, 13 inabakiza 7, 17 inabakiza 6, 19 inabakiza 17. 397 ni tasa, na huo ni uthibitisho kamili kabisa, hakuna "nadhani".

Kubwa kidogo, 2,027. 45 × 45 ni 2,025, tunaishia chini ya 45, tasa ya mwisho ni 43. Jumla ni 14 za kujaribu, na njia ya sifuri inasaidia sana hapa. 23: ongeza 23 inakuwa 2,050, tupa sifuri, 205, toa 115 ni 90, tupa sifuri, 9, haiingii. 29: toa 87 ni 1,940, ni 194, toa 174 ni 20, haiingii. 37: ongeza 333 ni 2,360, ni 236, toa 222 ni 14, haiingii. Zilizobaki zimalize mwenyewe na karatasi pembeni, zote zinagoma, 2,027 ni tasa.

Nikutajie mitego maana inakamata watu kwa sura tu. 51 ni 3 × 17. 57 ni 3 × 19. 87 ni 3 × 29. Hizo zinaonekana tasa kabisa ila kujumlisha tarakimu kunazimaliza sekunde moja. Mbaya zaidi ni 91, haigawanyiki kwa 2, 3 wala 5, na mtu akishaona hivyo anaachia hapo, kumbe ni 7 × 13. 119 ni 7 × 17, 133 ni 7 × 19, 161 ni 7 × 23. Unaona zote zimetoka kwa 7? Hiyo ndo tasa watu wanaoivuka kwa uvivu. Zikiisha za 7 zinakuja 221, ambayo ni 13 × 17, na 323, ambayo ni 17 × 19, na hizi bila kufika kwenye kipeuo huzipati.

Kama unataka orodha nzima badala ya namba moja, usipime mojamoja, tumia chekeche la Eratosthenes, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, huyohuyo aliyekadiria mzingo wa dunia. Andika 2 mpaka 100. 2 ibaki, futa vigawe vyake vyote vingine. Inayofuata haijafutwa ni 3, ibaki, futa vigawe vyake. Halafu 5, halafu 7. Halafu acha. Umemaliza, maana inayofuata ni 11 na 11 × 11 ni 121, tumeshatoka kwenye 100. Ukifuta vigawe vya 7 unaweza kuanzia 49 moja kwa moja, maana 14, 21, 28, 35 na 42 zilishafutwa na wadogo zake. Zitakazobaki ni 25, zikizidi au kupungua kuna sehemu umeteleza. Mpaka 1,000 zinakuwa 168.

Zinaisha? Haziishi. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, alithibitisha karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, kwamba ukichukua tasa zote unazozijua ukazizidisha halafu ukaongeza 1, hakuna hata moja kati ya hizo itakayoingia, zote zitabakiza 1, kwahiyo lazima kuna tasa nyingine hukuihesabu. Ila angalia hapa, watu wanadhani jibu lenyewe lazima liwe tasa. Sio lazima. 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13 ongeza 1 ni 30,031, na hiyo ni 59 × 509. Tasa mpya zipo, ila zimo ndani yake.

Ukishazijua tasa, kuvunja namba kunakupa vingi kwa mpigo. 360 ni 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5, yaani 2 tatu, 3 mbili, 5 moja. Kila kigawo cha 360 ni uchaguzi wa 2 ngapi unachukua, kuanzia sifuri mpaka tatu, hizo njia 4, 3 ngapi, njia 3, 5 ngapi, njia 2. 4 × 3 × 2 ni 24. Kwahiyo kabla hujaandika hata jozi moja unajua unatafuta vigawo 24, na hiyo nayo ni namna ya kujua pa kuishia.

KKS na KDS zinatoka humohumo. 84 ni 2 × 2 × 3 × 7, 120 ni 2 × 2 × 2 × 3 × 5. KKS ni kigawo kikubwa cha shirika, chukua wanazoshirikiana: 2 × 2 × 3 ni 12. KDS ni kigawe kidogo cha shirika, zidisha namba zote mbili ugawe kwa 12, inakuja 840. Lakini namba zikiwa ngumu kuvunja usihangaike kuvunja, tumia njia ya Euclid ya baki. Mfano 2,279 na 2,021. Gawa kubwa kwa ndogo, baki 258. Gawa 2,021 kwa 258, baki 215. Gawa 258 kwa 215, baki 43. Gawa 215 kwa 43, hakuna baki. KKS ni 43. Mistari minne! Jaribu kutafuta 43 kwa kuvunja 2,021 peke yake uone utapita tasa ngapi kabla ya kuifikia.

Njia ya kipeuo inachoka namba zikiwa kubwa sana. 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 (2 thelathini na mbili ukizizidisha pamoja) halafu ongeza 1, mwanahisabati Mfaransa Fermat aliamini ni tasa, na kipeuo chake kinapita kidogo tu 65,536, zipo maelfu ya tasa za kujaribu. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Euler akaonyesha 641 inaingia. Kinachonivutia ni kwamba kigawo chochote cha namba ile lazima kibakize 1 ukikigawa kwa 64, na ukiifuata sheria hiyo tasa za kujaribu kabla ya 641 ni 193, 257, 449 na 577 basi. Jaribio la tano tu, kwa mkono.

Kompyuta nazo zikipewa namba ndefu hazijaribu mojamoja. Zinatumia sifa ya namba tasa: kama n ni tasa kubwa kuliko 2, basi 2 kwa kipeo cha (n toa 1) ukiigawa kwa n inabakiza 1. 15 inafeli hapo, 2 kwa kipeo cha 14 ikigawanywa kwa 15 inabakiza 4, kwahiyo sio tasa, na ona hujatafuta kigawo chake hata kimoja. Ila kipimo hiki kinaweza kudanganywa, 341 inapita wakati ni 11 × 31, kwahiyo kufeli ni uhakika, kupita ni dalili tu, ndo maana kuna vipimo vikali zaidi juu yake. Tasa kubwa kuliko zote zilizotangazwa mpaka mwaka 2024 ni 2 kwa kipeo cha 136,279,841, halafu jibu lake ulitoe 1, ina tarakimu 41,024,320.

Chukua karatasi ujaribu hizi tatu: 1,369, 1,517 na 1,613. Moja ni ya mraba, moja ni zao la tasa mbili zilizo karibukaribu, moja ni tasa. Kwa zote tatu ukifika 37 inatosha, usivuke hapo, na usiishie kabla yake.